Tulimzika Mwenye Viti Tukiwa Tumekaa Chini

Tulimzika Kaleli tukiwa tumekaa chini.

Sisemi kwa mafumbo. Chini kabisa. Kwenye nyasi, kwenye mawe, kwenye leso za kina mama, wakubwa kwa wadogo, jua la Ngoliba likitutwanga utosini.

Na marehemu alikuwa na viti mia tatu na hema nne.

Viti vyenyewe vilikuwepo. Vilikuwa kwenye lori lake, hatua thelathini kutoka kaburini. Hakuna aliyepoteza ufunguo, hakuna aliyegoma. Mjane alisema tu, "Visishushwe," na watu karibu mia nne wakanyamaza.

Nakumbuka vizuri kwa sababu maiki ilikuwa mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya uemsii sikuwa na la kusema.

Wanaonijua wanajua hiyo si hali yangu.

Naitwa Ngigi. Mtoto wa Makongeni, Thika. Nimeuza mayai ya kuchemsha, nimekuwa utingo, nimevunja kokoto, nimelala njaa mpaka njaa yenyewe ikanizoea ikaanza kuniita kwa jina. Mdomo ndio uliobaki mzima, nikaufanya ofisi. Harusi, matanga, ruracio za kupeleka mahari, mahafali ya chekechea, popote penye spika na watu, mimi nipo nikiwachekesha.

Aliyenipa maiki ya kwanza ni Kaleli.

Wakati huo nilikuwa nambebea viti. Tukafika harusi moja, emsii amekuja amelewa chakari, anamwita bwana harusi "marehemu". Kaleli akanishika bega.

"Wewe si huongea siku nzima bila kuombwa? Haya, leo umeombwa."

Hivyo tu. Miaka kumi na minne nimekula kwa sentensi hiyo.

Sasa niwaambie huyo mtu alikuwa nani.

Kaleli alitoka Ngoliba akiwa kijana, akaja kuchimba mawe ya kujengea. Mikono yake ilibaki ya mawe maisha yake yote. Akikusalimia ulihisi umesalimiwa na ukuta. Akajinyima, akanunua viti vya plastiki kumi na viwili. Alivisukuma kwa mkokoteni kutoka mtaa wa Landless, mkewe Nzisa akisukuma kwa nyuma na mtoto wao Kavata mgongoni. Kutoka kumi na viwili vikawa hamsini. Vikawa mia. Likaja lori kuukuu la bluu, ikaja stoo pale Landless, Kavata akaenda chuo cha uuguzi kwa nguvu za viti.

Na kazi yake alikuwa na namna yake ya kuifanya, sijaona mwingine.

Ukienda kukodi viti mia mbili vya matanga, Kaleli alikuletea mia mbili. Lakini alivipanga sitini tu. Vingine vilikaa kwenye lori nyuma ya nyumba. Watu wakiongezeka, yeye mwenyewe anakuja na viti kumi, kimyakimya, anavipachika. Wakiongezeka tena, kumi vingine. Muda wote, kila kiti kina mtu.

"Kiti kitupu matangani kinaongea," alikuwa akiniambia. "Kinasema huyu mtu hakuwa na watu."

Kuna mzee mmoja wa hapo Kiganjo, mlevi wa kupigiwa mfano, alizikwa na watu arobaini. Ungepita barabarani siku hiyo ungedhani anazikwa chifu. Viti arobaini, watu arobaini, hema moja limejaa pomoni. Binti wa yule mzee alimshika Kaleli mkono akalia.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukalia viti vyake. Alisimama. Ukimwambia aketi, anakwambia viti ni vya wenye wageni.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya kuosha. Yeye na Nzisa, beseni mbili, sabuni ya unga, wanasugua viti huku wanarushiana maneno.

"Hiki kimekaliwa na mtu wa nyama choma," Nzisa anasema.

"Hicho ni chako, Mama Kavata. Ulikikalia jana."

"Asi! Mimi nilikaa saa ngapi? Wewe unaniacha nikae?"

Wanacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao.

Kulikuwa na jambo moja tu.

Walikuwa hawajafunga harusi ya kanisa. Mbuzi za ntheo zilishafika kwa wazazi wa Nzisa zamani sana, na kwa Wakamba ukishapeleka hizo umeoa, hakuna mjadala. Lakini kanisani kwao sheria ni nyingine. Siku ya meza ya Bwana wenzake wanainuka kwenda mbele, Nzisa anabaki benchi la nyuma na wasichana wasioolewa. Miaka ishirini na mitatu.

Mara mbili walipanga harusi na Pasta Gichuru, aliyekuwa mchungaji wao Makongeni. Mara mbili zote mtu alikufa wiki hiyo, familia ikaja kulilia viti, Kaleli akatoa Jumamosi yake.

"Aliyefiwa hawezi kungoja," alimwambia mkewe. "Sisi tunaweza."

Mara ya tatu Nzisa alikataa hata kupanga. "Wacha, Baba Kavata. Sisi ni watu wa kupangia wengine viti."

Pasta Gichuru akahamishiwa Ruiru, hadithi ikafa hapo.

Mimi nilikuwa naifanya mzaha kwenye maiki. "Jamani, mwenye hema mnamwona pale? Amehudhuria harusi elfu moja na yeye bado ni bachela!" Umati unaanguka kwa kicheko. Kaleli anacheka. Nzisa pia anacheka, lakini kwa meno tu.

Mwaka jana, Jumanne moja ya Desemba, Kaleli alikuwa anapakia nguzo za hema hapo stoo. Akasimama. Akavuta kiti. Akakaa.

Nzisa alikuwa upande wa pili wa lori. Aliniambia baadaye, "Nilipomwona amekaa, nilijua nimeachwa."

Hakufika hospitali.

Alhamisi jioni tukakutana nyumbani kwao Landless, kamati ya mazishi. Mwenyekiti alikuwa Maluki, kaka mkubwa wa marehemu. Mazishi ni Jumamosi, kwao Ngoliba.

"Mambo ya viti na hema hayo tuyaruke," Maluki akasema. "Ya kwake yapo."

Muoki akakohoa. Muoki ndiye dereva wa lori, mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno mawili kwa siku.

"Kuna oda," akasema.

Alikuwa ameing'oa kalenda ya ukutani kule stoo, akaja nayo kwapani. Kaleli aliandika oda zake zote kwenye kalenda. Muoki akaiweka mezani, akagusa Jumamosi kwa kidole. Tukasoma.

*Kiuu, Ruiru. Waceke. Uwanja wa kanisa, nyuma ya tangi la maji. Saa mbili asubuhi. VYOTE.*

Vyote. Kaleli hajawahi kuandika hivyo. Aliandika hamsini, aliandika mia na ishirini. Hata gavana angekodi, Kaleli angebakiza vya mteja mwingine.

"Mpigieni huyo Waceke, mwambieni tumefiwa," Maluki akasema.

Kavata akachukua simu ya babake, akatafuta. Akatafuta tena. Kaleli alihifadhi namba ya kila mteja, hata aliyekodi sufuria moja.

"Hakuna Waceke," Kavata akasema polepole.

Kila mtu alikuwa anafikiria kitu kimoja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema.

"Tukodi kwingine," mtu akasema.

"Wapi? Ni Desemba hii. Kuanzia hapa mpaka Ruiru kila kiti kina harusi."

"Lakini Kiuu kuna nini?" Maluki akauliza. "Mwanamke asiye na namba, anapewa viti vyote?"

Hapo ndipo mdomo wangu, ile ofisi yangu, ulifunguka wenyewe.

"Ama Baba Kavata alikuwa anaoa na hajatupa kadi!"

Wakacheka. Wueh, wakacheka! Unajua kicheko cha matanga, kile cha watu waliobanwa siku mbili.

Halafu kikakatika.

Nzisa alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Ngigi."

"Naam, Mama Kavata."

"Umesema alikuwa anaoa?"

"Ni mzaha tu, mama. Ulimi."

"Mzaha mzuri. Watu wamecheka."

Akanimiminia chai, mimi wa kwanza. Chai ilikuwa na sukari, na bado niliirudisha mezani.

Maluki akajifanya hajaona. "Shemeji, kesho asubuhi nitatuma mtu Kiuu aangalie huyo mama ni nani."

"Hakuna kwenda."

"Lakini..."

"Mume wangu yuko mochari. Sitatuma mtu kumpeleleza wakati hawezi kujibu."

"Basi viti vibaki, tuvitumie sisi."

"Viti vitaenda."

"Mama Kavata! Na watu watakaa wapi?"

"Shemeji, umewahi kusikia Kaleli ameahidi viti halafu vikakosa kufika?"

Maluki akaangalia kikombe chake.

"Kama huyo mama amefiwa kama mimi," Nzisa akaendelea, "Jumamosi atasimama kwenye uwanja mtupu na wageni wake. Na kama ni kile kitu mnachofikiria," hapo sauti yake ikashuka, "bado viliahidiwa."

Akachukua chupa yake akarudi jikoni.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka kwenye geti. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngigi, wewe ulikuwa naye kila wikendi. Nataka kukuuliza kitu, na usinifanyie mchezo."

"Uliza, mama."

"Miezi miwili hii, kila Jumatano mchana alikuwa anapotea. Akirudi anasema alikuwa kwa mteja. Ni mteja gani wa kila Jumatano?" Akavuta leso mabegani. "Kuna mtu?"

Neno alilohitaji ni moja. Hapana. Watoto wa chekechea wanalijua.

"Sijui," nikasema.

Na ni kweli, sikujua. Lakini mtu ambaye umekula kwa mkono wake miaka kumi na minne, unapaswa kumjua kidogo.

Nzisa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wake. Akafunga geti.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, Muoki akaelekeza lori Kiuu, limejaa viti vyote na hema zote. Sisi tukaelekea Ngoliba na jeneza.

Shule ya jirani ilitusaidia madawati ishirini. Tukawapa wazee na wajawazito. Waliobaki wakaangalia huku na huku, wakatafuta hema kwa macho, wakakosa, wakakaa chini. Watu aliowapangia viti maisha yao yote. Nikasikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, "Kwani huyu si ndiye mwenye viti?"

"Viko Kiuu. Kwa yule mwingine."

Habari ilishafika. Habari kama hiyo haihitaji lori.

Kanisa lao halikuleta mchungaji, kwa sababu ya ile sheria ya harusi. Alikuja mzee wa kanisa, akaomba dakika tano, akafunga Biblia. Nzisa alikuwa amekaa mkekani karibu na jeneza, Kavata upande mmoja na mtoto wao mdogo upande wa pili, akiangalia mbele kama mtu anayehesabiwa na macho na anajua.

Nikazima simu, nikashika maiki, nikajaribu kumsema vizuri. Nikaeleza habari za mkokoteni, za yule mlevi wa Kiganjo. Watu walisikiliza, lakini nusu ya masikio ilikuwa Kiuu.

Ilipokaribia saa saba tukasikia lori.

Nilijua sauti ya injini ile kabla sijaliona. Likaja na vumbi lake, likasimama hatua thelathini. Na viti vilikuwa juu yake. Ila havikuwa kama vilivyoondoka. Vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe, na kila kimoja kimefungwa utepe wa zambarau mgongoni.

Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke wa makamo, kiatu cha chini, sura ya mtu aliyelia njia nzima. Mkononi amebeba mfuko mrefu wa nguo, ameushika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto.

"Ndiye huyo," umati ukapumua.

Maluki akainuka. "Mama, simama hapo hapo. Hapa kuna familia."

"Mwache aje," Nzisa akasema.

Nyuma ya yule mwanamke akashuka Pasta Gichuru, kola shingoni, miwani mkononi, anajifuta macho.

Mwanamke akapita katikati ya watu waliokaa, akafika mkekani, akapiga magoti.

"Wewe ndiye Nzisa?"

"Ndiye."

"Mimi ni Waceke. Nakujua kwa vipimo tu." Akaulaza mfuko mkekani. "Mimi ni fundi wa nguo."

Akafungua zipu ya ule mfuko.

Lilikuwa gauni la harusi.

Watu wa nyuma wakainuka kuona.

"Alileta nguo yako moja ya kijani, akaniambia nipime nayo," Waceke akasema. "Kila Jumatano alikuja kuangalia nimefika wapi. Alikuwa anakishika kitambaa kwa kidole kimoja tu. Alisema mikono yake itakikwaruza."

Nzisa akaliangalia gauni kuanzia ukosi mpaka pindo.

Pasta Gichuru akachuchumaa. "Ilikuwa leo, saa nne asubuhi. Mngekuja pamoja kwenye lori, wewe ukidhani unakuja kupangia watu viti. Ilibaki sahihi yako tu kwenye cheti."

"Mbona hamkupiga simu?" Kavata akauliza, analia. "Amekufa tangu Jumanne!"

"Alitukataza. Alisema simu yake hushikwa na mama yako. Tumengoja asubuhi yote, tumeremba viti, Muoki akidhani ni harusi ya wengine, mpaka tulipomuuliza bwana harusi yuko wapi..." Akajifuta macho tena.

"Na hivi viti vyote," Nzisa akasema hatimaye. "Vyote, vya nini? Aliita watu wangapi?"

"Themanini. Wateja wa Ruiru. Wa Thika aliogopa midomo." Pasta hakuniangalia. Hakukuwa na haja. "Alisema akiandika vyote, hakuna mtu atakayekuja kumwomba hii Jumamosi tena."

Nzisa akanyoosha mkono, akagusa bega la gauni. Akashuka nao mpaka kiunoni. Ukasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni mfuko," Waceke akasema. "Nilimwambia gauni la harusi haliwekwi mfuko. Akasema hata siku hiyo utakuwa na funguo za stoo, na hataki uzishike mkononi mbele ya watu."

Nzisa akaingiza mkono kwenye ule mfuko. Akauacha humo.

Hapo ndipo alipolia. Tangu Jumanne hakuwa amelia. Alilia mpaka wanaume waliokuwa wamesimama wakakaa.

Vijana wa lori walikuwa wameshaanza kufungua kamba. Muoki akasogea, kofia mkononi. "Mama, tushushe viti? Watu wanaungua na jua."

Akainua uso.

"Visishushwe. Hivyo ni vya harusi."

Hakuna aliyebisha. Maluki, mwenyekiti, mwenye suti, alikuwa wa kwanza kuketi tena kwenye vumbi. Pasta Gichuru akavaa miwani yake akasimama kando ya kaburi. "Kuwafungisha siwezi tena," akasema. "Kumzika, naweza." Akamzika, ibada nzima, na kila alipotakiwa kusema "marehemu" alisema "mume wa Nzisa".

Kuna kitu kilibaki kinanila, lile "sijui" langu. Jumapili ya tatu baada ya mazishi nikaenda Landless. Nilimkuta anaosha viti na Kavata. Nikakunja shati nikachukua kitambaa.

Tukasugua kama kumi hivi. Nikasema kile ambacho nilikuwa nimekiandaa njia nzima.

"Mama Kavata, angalau sasa unajua. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa ni wewe."

Akaendelea kusugua.

"Gauni lilishonwa miezi miwili," akasema. "Unajua miezi miwili hiyo mimi nilikuwaje? Kila Jumatano nilikuwa naosha sufuria zilizo safi. Nilikuwa namwangalia akila, najiuliza chakula cha wapi ni kitamu kuliko changu. Usiku nampa mgongo. Mtu amebakisha siku za kuhesabu, mimi nampa mgongo."

"Alitaka kukushangaza, mama."

"Najua." Akakamua kitambaa chake, akakitandaza juu ya kiti. "Angeniambia tu, Ngigi. Harusi ingekosekana, sawa, mbona tulizoea. Lakini ningekuwa bibi harusi miezi miwili."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Mpaka leo sina.

Kwa hivyo ndugu yangu unayesoma hii: kama una jambo jema la mtu wako umelificha kabatini ungoje siku kubwa, mwambie leo, hata kama halijaiva. Siri tamu hulambwa na aliyeificha peke yake. Na kama wewe ni mtu wa mdomo kama mimi, kabla hujachekesha sebuleni, uliza kwanza nani yuko jikoni.

Mimi nimeshamwambia mke wangu kitu nilichokuwa nimemfichia mpaka Pasaka. Amelia, amenikumbatia, halafu akaniuliza nimevunja nini.